Kwa nini watu wazima wanapenda michezo ya kutafuta vitu vilivyofichwa

Kazi yangu ni kuchora picha za michezo ya kompyuta na simu, na nyingi ninazoagizwa ni za aina moja: chumba kimejaa vitu hadi darini, na chini yake kuna orodha. Tafuta mkasi. Tafuta ufunguo. Tafuta kipepeo. Vijana wenzangu hapa Lamu, wale wanaocheza michezo ya mpira na ya bunduki kwenye simu, huniuliza kama huo nao ni mchezo. Ni mchezo, tena mgumu kuutengeneza, na wanaoupenda wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Wachezaji wake wengi ni wanawake, na wengi wao wameshapita miaka 35. Watengenezaji wanalijua hilo siku nyingi. Mwaka 2005 kampuni ya Big Fish Games ya Seattle ilitoa Mystery Case Files: Huntsville, mchezo wa kupakua kwenye kompyuta. Desturi ya kampuni hiyo ilikuwa kukuachia dakika 60 za bure; ukinogewa, unalipa. Mwaka uliofuata ikatoa Ravenhearst, na hapo kisa cha upelelezi kikapata nguvu. Mwaka 2012 Pretty Simple ya Paris iliingiza Criminal Case kwenye Facebook, na mwaka 2017 Wooga ya Berlin ikatoa June's Journey, kisa cha miaka ya 1920 cha mwanamke anayechunguza kifo cha dada yake.

Shangazi yangu anaucheza huo wa June. Baada ya Alasiri, kazi za nyumba zikishapungua, huketi na simu yake, na kando yake kofia anayoishona imelala na sindano. Hataki mchezo wa kumkimbiza. Anataka ule anaoweza kuuacha mtoto akilia au mgeni akibisha hodi, kisha akaurudia bila kuadhibiwa. Michezo mingi ya simu inamdai mchezaji vidole vyepesi. Huu unamdai macho na subira, navyo mtu aliyezoea kuhesabu vitundu vya kofia anavyo tele.

Sasa utamu wenyewe unatoka wapi? Jicho la mwanadamu haliioni picha nzima kwa ukali mmoja. Sehemu inayoona sawasawa ni ndogo mno, kadiri ya upana wa ukucha wa dole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kwa hiyo jicho linaruka, kama mara tatu kwa sekunde, na kila linapotua linachukua kipande. Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walieleza jambo ambalo sisi wachoraji tunaliishi kila siku. Kitu kinachotofautiana na jirani zake kwa sifa moja, tuseme chekundu katikati ya vya kijani, kinajitokeza chenyewe, hata vikiwa vingi kiasi gani. Lakini kikishirikiana rangi na baadhi ya jirani zake na umbo na wengine, akili inalazimika kuvipitia kimoja baada ya kingine. Mchezo mzima unaishi katika huo muda wa kupitia. Ndiyo maana unapokiona kitu moyo unaruka: kilikuwa mbele yako wakati wote, na jicho lako limekipita mara kadhaa.

Kazi ya mfichaji ni kurefusha muda huo bila kudanganya. Nikificha upawa, naulaza mpini wake ufuate mistari ya mkeka, ili jicho liuhesabu kuwa ni ukili. Chetezo nitakiweka penye kivuli, kati ya mitungi yenye rangi ya udongo kama yake. Mrashi wa fedha unapotea kabisa mbele ya ukuta wa chokaa wenye mwanga wa dirisha. Hizo ni hila halali. Zisizo halali ni mbili. Ya kwanza ni kukipunguza kitu mpaka farasi awe sawa na karafuu, na ya pili ni kukififisha rangi kikawa kama moshi. Mchezaji akikipata kitu cha namna hiyo hafurahi, anakasirika, na ana haki.

Kuna wachoraji wanaorundika tu, ndizi darini na kiatu kwenye mti. Mimi sipendi. Napenda kila kitu kiwe mahali ambapo mtu angeweza kukiacha. Siku moja nilichora chumba cha ndani cha nyumba ya Kiamu, na ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ulinitesa kuliko nilivyotarajia. Zidaka hizo zilijengwa kwa kuonyesha, sahani na vitu vya thamani vionekane, na mpangilio wao unamwongoza mchezaji: anapita safu kwa safu, hakosi kitu. Ilinibidi niache zidaka zikae kwa utulivu na nifiche chini, penye kinu, mbuzi ya kukunia nazi, vikapu na makawa, ambako vitu hukaa kwa kutumiwa.

Watoto wetu waliokulia vitendawili wangeuelewa mchezo huu haraka. Kwenye kitendawili unapewa dalili, unatafuta jibu. Hapa jibu umeshapewa, unatafuta linakoishi. Ukishindwa kutegua kitendawili, unatoa mji, ndipo unaambiwa. Kitufe cha msaada cha mchezo kinafanya vivyo hivyo: kinakuonyesha kitu, lakini unalipa, ama kwa kusubiri kijijaze tena, ama kwa pointi. Bila gharama hiyo msaada ungeua mchezo. Vilevile ukibofyabofya ovyo, michezo mingi inakutoza.

Ninachokilaumu ni mtindo wa nishati. Katika June's Journey kila picha unayoingia inakula nishati. Ikikwisha unangoja au unanunua. Na ili upate nyota unarudia picha ileile mara nyingi, mpaka unachotumia si macho tena bali kumbukumbu. Wengine wanaifurahia hiyo kasi ya kukumbuka. Kwangu, utafutaji umeshakwisha hapo, na anayenunua bando la intaneti kidogokidogo hapaswi kulipa tena ili asingoje.

Kwa anayetaka kuanza bila mtego huo, nampendekezea Hidden Folks wa mwaka 2017, kazi ya Adriaan de Jongh na Sylvain Tegroeg. Unaulipia mara moja. Hauna saa ya kukuhesabia, na umechorwa kwa mkono kwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi haikusaidii wala haikuhadai. Unabaki na umbo tu. Sauti zake zote zimetolewa kwa mdomo. Uchezee kwenye tableti ukiweza, uvute picha karibu, na umwite mtoto akae ubavuni, kwa sababu macho mawili mapya hutua penye pembe ambazo yako yameshaziruka.