Kutoacha alama maana yake nini hasa

Siku hizi kila kundi la kupanda mlima au kwenda kambi utasikia wanaambiana "jamani tusiache alama", na ukiuliza maana yake wengi watakujibu ni kuokota takataka zako urudi nazo nyumbani. Hiyo ni kweli lakini ni kipande tu. Maana yake ni kwamba ukishaondoka mahali pabaki vile ulivyopakuta, na kupakuta ni pamoja na miti, wanyama, mawe, makombe ya baharini, na wenyewe wanaoishi hapo na mambo yao wanayoyaheshimu.

Dhana yenyewe kwa jina hilo imetoka Marekani, kwa watu wa kutembea porini, na wao wana kanuni 7: panga safari mapema, pita na ulale pale ardhi inapohimili, takataka uzitupe inavyofaa, ulichokikuta kiache, moto uwe mdogo, wanyama waheshimu, na wajali wengine. Ya takataka angalau huku inaeleweka, tena Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa, kwa hiyo ile chupa ya maji acha nyumbani beba ya kujaza. Zinazotushinda ni ile ya kuacha ulichokikuta na ile ya kuwajali wengine.

Mfano. Maji yakipwa huku Diani, pwani ya kusini ya Kenya, watu wanapelekwa na boti kwenye fungu la mchanga, na pale kwenye maji ya magotini unawaona viti vya pweza, wale wanyama wa umbo la nyota, wekundu wenye vinundu. Siku moja nimesimama pale naona mtoto kamnyanyua mmoja, mama mtu kamchukua kapiga picha, kampa shangazi naye kapiga, alafu wakamlaza mchanga mkavu ili apigwe picha peke yake vizuri. Nahodha akaja mbio, "Mama, mrudishe majini, hapo hapumui." Na ni kweli hapumui, manake yule mnyama anavuta hewa kutoka kwenye maji kwa ngozi na vile vijiguu vyake vidogo vya chini, ukimtoa unamkaba. Mama wa watu hakuwa na ubaya wowote, hakujua tu, alidhani ni kama ua la baharini. Matumbawe nayo hivyo hivyo, mtu anayakanyaga akidhani ni mawe kumbe ni viumbe hai, na yale makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo hatua moja ya kiatu inavunja kazi ya miaka. Hata kombe tupu liache, kuna kaa wanaohamia humo.

Sasa kuhusu kuwajali wengine, kwetu pwani hao wengine wanaanza na wenyeji. Kaya za Wamijikenda, yale makabila tisa ya pwani ya Kenya, ndio mfano ninaoupenda zaidi. Sio kaya ile ya sensa, hizi ni misitu ambayo ndani yake wazee walijenga vijiji vyenye ngome tangu karne ya 16, watu wakahama polepole mpaka miaka ya 1940, lakini msitu ukabaki mtakatifu kwa sababu wahenga wamezikwa humo na matambiko yanafanyika humo. Mwaka 2008 UNESCO iliweka baadhi yake kwenye urithi wa dunia, zimetapakaa kama kilomita 200 za pwani. Na ukiangalia vizuri, miti ile imesimama mpaka leo kwa sababu ya miiko, usikate mti, usitoe kitu, na miiko hiyo ilikuwepo kabla hata hizo kanuni 7 hazijaandikwa.

Kaya Kinondo, karibu na Diani, inapokea wageni. Unaingia na mtu wa hapo, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, kofia unavua, mambo ya kubusiana hakuna, picha unapiga pale tu unaporuhusiwa, na hutoki na kitu hata jani. Kuna wanaonung'unika kwamba masharti mengi, mimi naona ni sawa kabisa, kwani msikitini unaingia na viatu?

Na kutoa kitu sio jambo dogo. Wagiriama, ambao nao ni Wamijikenda, wana vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa kwa kumbukumbu ya wazee waliofariki, na kwa desturi kigango hakihamishwi, hata boma likihama chenyewe kinaachwa pale pale. Vingi viliibwa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye makumbusho Marekani, na familia zikabaki na hofu kwamba koma, yaani mizimu ya wazee hao, wamekasirika ndio mikosi imeingia. Mwaka 2007 viwili vilivyoibwa miaka ya 1980 vilirudi kwa familia yake. Aliyevinunua huenda aliona pambo la ukutani tu.

Kwa hiyo ukienda mahali usipopajua, kabla ya kugusa uliza kwanza, hapa pana mwenyewe nani na mwiko wake ni upi. Pale Kinondo hata kaniki yenyewe ukitoka unaifungua unairudisha, anayekuja nyuma yako ataivaa hiyo hiyo.