Kumhurumia Mhusika Mkosaji katika Fantasia: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Miongoni mwa wasomaji wa riwaya za kifantasia, yaani za uchawi na ulimwengu wa kubuni, mjini Kisumu, wengi wao vijana wanaoazimana vitabu mpaka majalada yakachanika, kuna ubishi usioisha: je, mhusika aliyeua, aliyesaliti au aliyeangamiza jamaa zake kwa kiburi anastahili huruma yetu kwa sababu tu mwandishi ametuonyesha machozi yake? Wapo wanaoona kwamba huruma hiyo inamlainisha msomaji hata asitambue tena uovu, na wapo wanaoamini kwamba asiyemlilia mhusika wa namna hiyo hajui kusoma. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimejenga hoja juu ya dhana ambazo hazisimami pindi mtu anapozirudia hadithi zenyewe na kuzisoma kwa utulivu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kumhurumia mhusika ni kumtetea. Ukweli ni kwamba huruma ya tanzia, yaani hadithi ya anguko la mhusika mkuu, haipatikani pasipo kosa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake kuhusu ushairi cha karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kwamba mtu mwema kabisa akiangamia tunachukizwa, na mwovu kabisa akianguka hatuoni huruma wala hofu. Anayetugusa ni yule wa katikati, mtu anayefanana nasi, ambaye ameporomoka kutokana na kosa lake mwenyewe. Kwa hivyo msomaji anayelifuta kosa la mhusika ili apate kumhurumia anaibomoa tanzia yenyewe, kwani kinachobaki ni bahati mbaya tu, ambayo haina la kumfunza wala kumtisha mtu.

Kisakale cha Nyamgondho wa Ombare, kinachosimuliwa katika fuo za Ziwa Victoria, kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko riwaya nyingi nilizozisoma. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara wa Gwassi, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, na siku moja wavu wake ulimletea bikizee badala ya samaki. Bikizee huyo alimsihi ampeleke nyumbani. Akampeleka, akamwoa, na boma lake likafurika ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mali ikampanda kichwani, na pombe ikamalizia kazi. Usiku mmoja alirudi amelewa, akakuta lango limefungwa, na alipoona anacheleweshwa kufunguliwa akamtukana mwanamke yule kwamba ni kiokote cha ziwani. Kulipokucha mwanamke alishika njia ya kuelekea ziwani, na mifugo yote ikaondoka zizini ikamfuata, hadi maji yakawafunika. Nyamgondho aliwafuata mbio akiomba msamaha bila kusikilizwa, kisha akasimama ufukweni ameegemea fimbo yake, na papo hapo akageuka mti. Wasimulizi hutofautiana katika vijambo vidogo, lakini tusi na fimbo havikosekani.

Tuangalie mpangilio wa matukio. Tusi linakuja kwanza, wazi, bila kisingizio chochote. Huzuni inakuja baadaye, wakati ambapo haiwezi kumfaa Nyamgondho kwa lolote. Msikilizaji anamhurumia huku akijua barabara kwamba mwanamke alikuwa na haki ya kuondoka. Riwaya nyingi za kifantasia za siku hizi hupindua mpangilio huo: zinaanza na utoto wa mateso, kijiji kilichochomwa, mama aliyeuawa, kisha ndipo zinatuletea mauaji ambayo mhusika huyo anayafanya, kana kwamba amekwisha kulipiwa faini. Hapa ndipo wanaolalamika kuhusu huruma wana hoja, ingawa wanailaumu huruma kwa kosa ambalo kwa hakika ni la mpangilio wa hadithi.

Hilo linatuleta kwenye dhana nyingine, kwamba historia ya maumivu inatosha kumsafisha mhusika. Mfano wa Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na tamaa ya pete ya uchawi katika riwaya ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka kati ya 1954 na 1955, unaipinga moja kwa moja. Mapema sana katika kitabu hicho, kabla kiumbe huyo hajajitokeza mbele yetu, tunaelezwa kwamba alimuua rafiki yake Déagol ili amnyang'anye pete hiyo, tena siku ya kuzaliwa kwake mwenyewe, akidai kwamba ni zawadi yake. Hatufichwi chochote. Frodo, mhusika mkuu aliyekabidhiwa pete hiyo akaiangamize, anaposikia habari hizo anasema ni bahati mbaya kwamba Bilbo, jamaa yake aliyeimiliki kabla yake, hakumuua kiumbe huyo alipopata nafasi. Ni baada ya kumwona kwa macho, amekonda na amechakaa, ndipo anaporuhusu aishi. Huruma ya Frodo haitokani na kutojua, na haimfanyi amwamini Gollum kikamilifu, kwani anamlazimisha kula kiapo.

Pete hiyohiyo inasaidia kuondoa dhana ya tatu, ambayo ni ya fantasia hasa: kwamba uchawi, laana au utabiri humwondolea mhusika jukumu. Ni hoja inayovutia. Tukisema kwamba pete ilimtawala, kosa si lake. Tukisema kwamba mganga alitabiri, angefanya nini? Lakini mwandishi makini wa fantasia huweka kando ya mhusika aliyeanguka mwingine aliyejaribiwa kwa kitu kilekile. Bilbo aliiacha pete, ingawa kwa shida na kwa kusukumwa. Sam, mwandani wa Frodo, aliibeba kwa muda akairudisha. Boromir, askari aliyekuwa katika msafara wao, alijaribu kuipora, kisha akafa akiwatetea wenzake, na akakiri kosa lake kabla ya kukata roho. Kwa kuwalinganisha hawa tunaona kwamba nguvu ya uchawi ni ya kweli, tena ni kubwa, na bado haijaziba kila njia. Hata Frodo mwenyewe, mwishoni kabisa, anashindwa na kuidai pete kuwa yake, na wasomaji wachache humlaumu kwa sababu tumeuona uzito huo ukimlemea hatua baada ya hatua. Jukumu hupungua kadiri uzito unavyoongezeka, lakini halifiki sufuri kwa sababu tu neno laana limetajwa.

Wengine hudhani kwamba huruma na adhabu haviwezi kukaa pamoja. Aliyesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, anajua vinginevyo: Adili, aliyetoswa baharini na ndugu zake kwa wivu, anawachapa kila usiku baada ya jini Huria kuwageuza manyani, na akiisha kuwachapa huwabembeleza. Mkono ni uleule. Mfano huu pia unatosha kujibu madai kwamba mhusika mwenye doa ni mtindo mpya ulioletwa na filamu za ng'ambo, madai ambayo sioni haja ya kuyapotezea muda.

Lipo, hatimaye, lile la wapenzi wa fantasia wenyewe: kwamba asiyemhurumia mhusika wa tanzia ana moyo mgumu. Huruma ya msomaji hujengwa, na hujengwa kwa kuchagua ni nani atakayefuatwa na simulizi. Tumchukue Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki haikuuingia. Wazee walimwonya asimwoe msichana aliyetoka kwa maadui, akamwoa. Alipougua akamwambia mkewe huyo achanje kivuli chake badala ya mwili na kukipaka dawa, na msichana akaona damu ikitoka kivulini. Akatoroka usiku kwenda kwao, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki, shujaa akaanguka na kugeuka jiwe. Tunaoisikia hadithi hii upande wa Kisumu tunamlilia Luanda, na ni haki yetu, maana yeye ndiye tuliyetembea naye kutoka vita hadi vita. Lakini msichana huyo alipelekwa nyumbani kwa mtu aliyewaua jamaa zake, akakaa humo akikodoa macho, na akafaulu mahali ambapo majeshi mazima yalikuwa yameshindwa. Msomaji anayeamua kumfuata yeye njiani usiku ule, na asimwage hata chozi moja kwa ajili ya mumewe, ameisoma hadithi ileile kwa umakini uleule.