Filhamoni ya Berlin: dhana zilizozoeleka na ukweli wa historia yake

Anayeanza kuusikiliza muziki wa simfoni kwa santuri au kwa intaneti hukutana mapema na Okestra ya Filhamoni ya Berlin, na mara nyingi hukutana nayo kupitia sura ya mtu mmoja. Kwenye majalada mengi ya santuri za miaka ya 1960 na 1970 yupo mwongozaji wake Herbert von Karajan, nywele zimechanwa nyuma, macho amefumba, mikono imetangulia mbele, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kama za mtunzi mwenyewe. Wanamuziki zaidi ya mia moja waliotoa sauti ile hawaonekani. Naamini dhana nyingi potofu kuhusu okestra hii zilianzia kwenye majalada hayo, na zinaisumbua zaidi kuliko ambavyo zingeisumbua okestra nyingine, kwa sababu historia yake tangu siku ya kwanza ni historia ya wapigaji waliotaka kujitawala, wakaweza, kisha wakaupoteza uhuru huo na baadaye kuurudisha.

“Iliundwa na mfalme wa Prussia”

Hapa watu huchanganya okestra mbili. Berlin ilikuwa na okestra ya kifalme ambayo asili yake ni ya mwaka 1570, nayo leo huitwa Staatskapelle na hupiga katika jumba la opera la Unter den Linden. Filhamoni haikutoka huko. Ilitoka kwenye bendi ya biashara ya Benjamin Bilse, mwanamuziki wa Liegnitz aliyekuwa akiendesha matamasha katika ukumbi wa Concerthaus, barabara ya Leipziger, ambako wasikilizaji walikaa mezani wakila na kunywa bia huku muziki ukiendelea. Mwaka 1882 Bilse alipanga safari ya Warsaw, akataka wanamuziki wake wasafiri kwa mabehewa ya daraja la nne, daraja la chini kuliko yote katika treni za wakati ule. Ujira wao ulikuwa mdogo tangu zamani, na mabehewa hayo yakawaonyesha waziwazi jinsi mwajiri wao alivyowathamini. Wanamuziki 54 wakamwacha, wakaanzisha okestra yao wenyewe. Kwa kuwa hakuna aliyewajua kwa jina jingine, mwanzoni walijitangaza kuwa “Iliyokuwa Bendi ya Bilse”.

Ukumbi waliopata ulikuwa katika barabara ya Bernburger, na haukujengwa kwa ajili ya muziki: watu walikuwa wakiteleza humo kwa viatu vya magurudumu. Mwaka 1888 ndipo msanifu Franz Schwechten alipougeuza kuwa ukumbi kamili wa matamasha, uliokuja kusifiwa kwa mwangwi wake mzuri. Kati ya miaka hiyo okestra ilikaribia kufa zaidi ya mara moja kwa kukosa fedha, na kilichoiokoa ni wakala wa matamasha aitwaye Hermann Wolff, ambaye mwaka 1887 alichukua jukumu la kuandaa matamasha yake na kumleta mwongozaji Hans von Bülow, mtu mkali wa mazoezi asiyevumilia noti iliyopigwa ovyo. Bendi iliyozoea kupigia watu waliokuwa wakila ikaanza kusikilizwa kwa kimya.

Inafaa kuongeza hapo, kwa ufupi, kwamba si kweli okestra ya hadhi hii hujilipia kwa tiketi. Haikuweza mwaka 1882, na hata leo, ikiwa taasisi ya umma tangu mwaka 2002, hupata ruzuku ya serikali pamoja na mapato yake yenyewe.

“Mwongozaji ndiye anayeajiri, ndiye anayefukuza”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Anayetaka kujiunga na Filhamoni hupiga mbele ya okestra nzima, na wanamuziki ndio wanaomkubali au kumkataa. Akikubaliwa, huingia katika kipindi cha majaribio, na mwisho wa kipindi hicho wenzake hupiga kura tena, ambapo sharti apate thuluthi mbili. Mwongozaji mkuu mwenyewe huchaguliwa na wapigaji kwa kura ya siri. Ndivyo alivyopatikana Claudio Abbado mwaka 1989, na ndivyo alivyopatikana Simon Rattle mwaka 1999.

Uchaguzi wa 2015 ulionyesha jinsi jambo hili lisivyo la mapambo tu. Tarehe 11 Mei wanamuziki walikutana katika kanisa la Jesus-Christus huko Dahlem, kanisa ambalo okestra ilirekodia kazi zake nyingi kabla ya kuhamia kwenye ukumbi wake wa sasa. Walijadiliana na kupiga kura kwa muda wa saa 11 hivi huku waandishi wa habari wakingoja nje, kisha wakatoka na kutangaza kwamba hawakuafikiana. Hapakuwa na waziri wa kuwaamulia wala meneja wa kutaja jina. Walikutana tena mwezi uliofuata, wakamchagua Kirill Petrenko, mzaliwa wa Omsk nchini Urusi, aliyekuwa mwongozaji wa opera ya Munich na ambaye wengi wa waliokuwa wakibashiri hawakumweka mbele. Alianza kazi rasmi mwaka 2019.

Kwa hiyo Karajan, pamoja na nguvu zote alizokuwa nazo, alitawala kwa ridhaa ya wapigaji, na ridhaa hiyo ilikuwa na mpaka. Alipoujaribu mpaka huo, alijipatia jeraha ambalo halikupona. Alitaka mpiga klarineti kijana, Sabine Meyer, aingizwe katika okestra, naye alikuwa na kipaji kisichobishaniwa. Novemba 1982 wapigaji walipiga kura: 73 walimkataa, 4 tu wakamkubali. Walisema sauti yake haichanganyiki na sauti za wenzake wa ala za kupuliza. Karajan alijibu kwa kuwatishia kwamba atasimamisha safari na kazi za kurekodi, yaani aliwagusa mfukoni mwao, na Meyer akaingizwa kwa majaribio bila ya ridhaa yao. Mwaka 1984, kwenye tamasha la Salzburg la Pentekoste, aliileta Filhamoni ya Vienna ichukue nafasi yao. Mwaka huohuo Meyer mwenyewe alijiondoa, akaenda kujenga jina kubwa kama mpigaji wa peke yake, na mvutano kati ya mwongozaji na wapigaji ukabaki. Karajan alijiuzulu Aprili 1989, akafariki Julai ya mwaka huohuo.

Nikiwa upande wa wapigaji katika suala la haki ya kuchagua, siwezi kuwaondolea lawama yote. Katika okestra ambayo kwa miaka mia moja haikuwa na mwanamke hata mmoja, neno “haichanganyiki” lilikuwa na uzito ambao kila mtu aliusikia, hata kama waliolitamka walikuwa wakifikiria sauti ya klarineti tu.

“Sabine Meyer alikuwa mwanamke wa kwanza katika okestra”

Kelele za kisa hicho ndizo zilizoleta kosa hili. Mwanamke wa kwanza alikuwa Madeleine Carruzzo, mpiga fidla kutoka Uswisi, aliyeingia mwaka 1982 kwa njia ya kawaida ya usaili na kura, kabla ya mgogoro wa Meyer kulipuka. Jina lake halikuvuma kwa sababu hapakuwa na ugomvi. Kutoka hapo hadi mwanamke kukalia kiti cha kiongozi wa wapiga fidla, kile kilicho karibu kabisa na mkono wa kushoto wa mwongozaji, ilipita miaka 41: Vineta Sareika-Völkner, mzaliwa wa Latvia, alikipata mwaka 2023.

“Wakati wa Wanazi walikuwa wakipiga muziki tu”

Dhana hii hutamkwa kwa nia njema, na watu wanaoupenda muziki, nikiwamo mimi, hutamani iwe kweli. Tangu mwaka 1903 okestra ilikuwa kampuni ambayo hisa zake zilimilikiwa na wanamuziki wenyewe. Uhuru huo ulikuwa mzuri ila haukuwalisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 madeni yaliwaelemea. Mwaka 1934 serikali ya Hitler ikazinunua hisa zao, na Filhamoni ikawa okestra ya Dola chini ya wizara ya propaganda ya Joseph Goebbels. Wapigaji walipata mishahara ya uhakika, na vita vilipoanza wakaepushwa na kwenda jeshini. Kwa malipo hayo walipiga kwenye sherehe za chama na wakatembezwa Ulaya kama ushahidi wa utukufu wa Ujerumani. Aprili 1942, siku moja kabla ya sikukuu ya kuzaliwa ya Hitler, walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven kwa heshima yake, Wilhelm Furtwängler akiongoza.

Wenzao wa Kiyahudi hawakuwepo tena. Szymon Goldberg, kiongozi wa wapiga fidla tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliondoka mwaka 1934. Waliondoka pia wapiga selo Joseph Schuster na Nikolai Graudan, na mpiga fidla Gilbert Back. Goldberg alikuwa ziarani kisiwani Java Wajapani walipokiteka, na akakaa kifungoni mwao hadi mwisho wa vita. Furtwängler, kwa haki yake, alijaribu kuwatetea baadhi yao, na Desemba 1934 alijiuzulu uongozi wa okestra kwa ajili ya mtunzi Paul Hindemith aliyekuwa akisakamwa na serikali, ila mwaka uliofuata alirudi jukwaani. Kujitawala kulikoanzishwa na watu 54 kuliishia kwenye hati ya mauzo, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Ukumbi wa barabara ya Bernburger uliteketezwa kwa mabomu tarehe 30 Januari 1944. Wageni wengi hudhani kwamba jengo la rangi ya dhahabu wanalolipiga picha leo ni la kale lililokarabatiwa. Ni jengo jingine, mahali pengine, lililobuniwa na Hans Scharoun na kufunguliwa Oktoba 1963, karibu kabisa na ukuta uliokuwa umeugawa mji miaka miwili kabla. Jukwaa limewekwa katikati na viti vimepangwa kwa makundi yanayopanda kulizunguka, kama matuta ya shamba kwenye mteremko, hata msikilizaji aliyekaa nyuma ya okestra humtazama mwongozaji usoni, na mtu anayekohoa upande wa pili huonekana na wote.

“Alipoondoka Furtwängler, akaja Karajan”

Orodha fupi za waongozaji huruka miaka ya 1945 hadi 1952, na kwa maoni yangu ndiyo miaka inayogusa moyo kuliko yote. Vita vilikwisha mwanzoni mwa Mei 1945. Tarehe 26 ya mwezi huohuo, kukiwa bado na vifusi kila upande, okestra ilipiga katika jumba la sinema la Titania-Palast, mtaa wa Steglitz, chini ya Leo Borchard, mzaliwa wa Moscow aliyekuwa katika kundi la siri la kuwaficha watu waliowindwa na Wanazi. Muziki wa kwanza jioni ile ulikuwa wa Felix Mendelssohn, mtunzi wa asili ya Kiyahudi ambaye Wanazi walikuwa wamepiga marufuku kazi zake. Usiku wa tarehe 23 Agosti, Borchard alikuwa akirudishwa nyumbani kwa gari la afisa Mwingereza. Gari halikusimama kwenye kizuizi, askari wa Kimarekani akafyatua risasi, na Borchard akafa papo hapo.

Nafasi yake ikashikwa na Mromania wa miaka 33 ambaye hakuwa na jina, Sergiu Celibidache. Furtwängler alikuwa bado amezuiwa kuongoza hadi mahojiano kuhusu mwenendo wake chini ya Wanazi yaishe, naye alirudi jukwaani mwaka 1947. Muda wote huo na hata baadaye Celibidache aliiongoza okestra katika matamasha zaidi ya 400, mengi yakiwa katika kumbi za baridi zisizo na makaa, mbele ya watu wenye njaa. Aliwadai mazoezi mengi kuliko walivyotaka kutoa, na maneno yake kwa wapigaji wazee yalikuwa makali. Furtwängler alipofariki tarehe 30 Novemba 1954, muda mfupi tu baada ya matamasha ya mwisho ya Celibidache na okestra, wapigaji walimgeukia Karajan. Celibidache hakukanyaga tena jukwaa lao kwa zaidi ya miaka 37. Alirudi mwaka 1992, mzee wa miaka 79 anayeongoza akiwa amekaa, kwa ombi la Rais Richard von Weizsäcker, akawafanyisha mazoezi ya siku nyingi kama zamani, na wakapiga Simfoni ya Saba ya Anton Bruckner.