Jeong Seon na mlima mweupe aliouchora mweusi

Geuza noti ya won 1,000 ya Korea Kusini. Mchoro wa nyumba ndogo chini ya vilima ulioko nyuma ni wa Jeong Seon (1676–1759).

Kabla yake, wachoraji wengi wa Korea walichora milima ya China waliyoijua kwa vitabu tu. Yeye mwaka 1711 alipanda Geumgang, milima iliyoko leo Korea Kaskazini, akachora vilele vya kwao. Husifiwa kwamba alichora alichokiona. Mimi ninayefundisha uchoraji wa wino naona sifa hiyo ni ndogo mno. Tazama Geumgang yake ya 1734: hakuna mahali utakaposimama uione hivyo. Amekusanya vilele vyote ndani ya duara moja, kama anayetazama kutoka angani. Kulia kuna miamba ya mistari iliyosimama wima, mikavu. Kushoto vilima vya udongo vilivyojengwa kwa vitone vya brashi iliyolowa.

Riziki aliipata serikalini, akiwa mkuu wa wilaya kadhaa. Alipopelekwa Yangcheon mwaka 1740, alikubaliana na rafiki yake mshairi Yi Byeong-yeon: huyu atume shairi, yule atume mchoro.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya 1751, alipokuwa mzee wa miaka sabini na ushei: mlima Inwang wa Seoul baada ya mvua. Graniti yake ni nyeupe, lakini Jeong Seon ameipaka wino mzito, brashi pana juu ya brashi pana, mpaka mwamba ukawa mweusi na wenye uzito. Hivyo ndivyo jiwe lililolowa linavyokukalia machoni. Ukungu hakuuchora kabisa. Ni karatasi tupu aliyoiacha. Yi alifariki mwaka huohuo, na wapo wanaosema nyumba iliyoko chini ya mlima ni yake. Huenda, ila mchoro hauhitaji kisa hicho ili usimame.

Tangu 2021 mchoro huo ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Korea. Albamu moja ya Jeong Seon, yenye michoro 21, ilichukuliwa mwaka 1925 na Norbert Weber, abati wa monasteri ya St. Ottilien, Ujerumani (Wabenedikto walewale walioanzisha Peramiho na Ndanda), ikarejeshwa Korea mwaka 2005 kwa mkopo wa kudumu.