Je, wajua kwa nini bahari ya Ureno hupoa kiangazi kinapoanza?

Mwezi wa Juni jua hukaa angani karibu saa 15 mjini Lisbon. Kwenye ufukwe wa Guincho, mwendo mfupi magharibi mwa jiji, mchanga unachoma nyayo, lakini anayetia mguu majini anautoa upesi: maji yana nyuzijoto 15 au 16. Saa hiyo hiyo, mashua iliyo kilomita mia moja baharini, mkabala na ufukwe huo, inaelea juu ya maji ya nyuzijoto 19 au 20. Zipo siku za Julai ambapo maji ya ufukweni hapo yanakaribiana na ya Januari.

Wageni hulalamika. Wavuvi wa Matosinhos, Peniche na Sesimbra hawalalamiki, kwa sababu baridi hiyo ndiyo inayowanonesha sadini, samaki wa jamaa moja na simu na dagaa papa wa kwetu.

Jibu la haraka linajulikana na kila mtu wa pwani ile: ni nortada. Huo ni upepo wa kaskazini unaoanza kuzoeleka masika yakielekea mwisho na kushika kasi kuanzia Juni. Magharibi, juu ya visiwa vya Azores, hukaa hewa yenye kanieneo (mgandamizo) kubwa. Mashariki, nyanda za juu za Hispania huchemka kwa jua na kuacha kanieneo ndogo. Katikati yao upepo hupita kuelekea kusini sambamba na pwani, ukali wake ukizidi kila alasiri nchi kavu inapopata joto. Nortada ikivuma, bahari inapoa. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza pale mtu anapoeleza kwa nini. Upepo unatoka kaskazini, kaskazini kuna baridi, basi upepo unasukuma maji ya baridi kutoka huko hadi Ureno. Maelezo haya yanaingia akilini bila kubisha hodi, na wengine huyakoleza kwa barafu ya Greenland inayoyeyuka. Shida ni kwamba hayaendani na chochote kinachopimwa baharini.

Chukua mwendo kwanza. Maji ya juu yanayoshuka kusini kando ya Ureno wakati wa kiangazi, ukiyakadiria kwa ukarimu, huenda sentimita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 17 hivi kwa siku. Nortada ikivuma siku tano mfululizo, maji yatakayofika Peniche yatakuwa yametoka umbali wa kilomita 85. Hapo ni Figueira da Foz, bado ndani ya Ureno, na maji ya bahari kuu mbele ya Figueira da Foz hayana tofauti ya maana na yale ya mbele ya Peniche. Ila katika siku hizo hizo tano joto la maji ya ufukweni linaweza kushuka nyuzi tatu au nne. Kaskazini kwenyewe kwenye baridi bado ni mbali sana.

Kisha kuna ramani za setilaiti. Kama baridi ingekuwa inaletwa kutoka kaskazini, ingejipanga kwa ngazi: baridi zaidi juu, vuguvugu zaidi chini. Ramani zinaonyesha kitu kingine kabisa. Kuna ukanda mwembamba wa maji baridi uliogandamana na pwani, wenye upana wa makumi machache ya kilomita, ukianzia Galicia, Hispania, hadi rasi ya São Vicente kusini mwa Ureno. Kwenye rasi kama Cabo da Roca, ndimi za baridi huchomoza kutoka kwenye ukanda huo kuelekea magharibi, nyingine zikifika kilomita mia na zaidi. Ukiitazama ramani bila kujua jambo, ungeapa kwamba baridi inatoka nchi kavu.

Na ukichota maji ya ukanda huo ukayapima, utakuta kwa wingi nitrati, ambayo ni mbolea ya mwani. Hili ndilo linalomaliza kesi. Maji ya juu ya bahari kiangazini huwa fukara wa nitrati, kwa kuwa mwani mdogo unaoelea umeshaila yote. Nitrati imelala gizani, mita mia moja au mia mbili chini, mahali ambapo hakuna mwanga wa kuuotesha mwani. Maji ya Guincho yametoka huko. Hayakusafiri kutoka kaskazini. Yamepanda kutoka chini.

Sasa, upepo unaopita juu ya bahari unawezaje kuyapandisha maji yaliyo mita mia moja chini yake? Dokezo la kwanza lilitoka mahali pasipo na sadini wala kiangazi cha kusemwa. Kati ya 1893 na 1896, Fridtjof Nansen wa Norwei aliiacha meli yake, Fram, inaswe na barafu ya Aktiki ili ichukuliwe popote barafu itakapokwenda. Aligundua kwamba barafu haikufuata upepo. Ilienda upande wa kulia wa upepo, kwa digrii 20 hadi 40, tena na tena. Kazi ya kulikokotoa jambo hilo ikamwangukia mwanafunzi wa Uswidi, Vagn Walfrid Ekman, ambaye alichapisha makala yake maarufu mwaka 1905.

Fikiria rundo la khanga kwenye meza ya duka. Weka kiganja juu ya khanga ya kwanza, uisukume mbele. Ya pili haijaguswa na mkono wako, lakini inasogea kidogo kwa sababu imeburutwa na ya kwanza. Ya tatu inaburutwa na ya pili, mwendo wake ni mdogo kuliko wa ya pili. Ukifika katikati ya rundo, khanga zimetulia kama vile hakuna mteja aliyeingia. Upepo juu ya bahari ni kiganja hicho, na khanga ni tabaka za maji.

Sasa ongeza jambo moja: meza yenyewe inazunguka, kwa kuwa dunia inazunguka. Katika kizio cha kaskazini, kila kitu kinachotembea hupindishwa kuelekea kulia kwake. Kwa hiyo khanga ya kwanza haiendi mbele moja kwa moja. Inakwenda upande upande, kulia kwa kiganja. Ya pili inafuata mwelekeo wa ya kwanza, si wa kiganja, nayo inapindishwa kulia zaidi. Ya tatu inapinda kupita ya pili. Ukilitazama rundo kwa juu, pembe za khanga zimejipanga kama ngazi za mnara wa kuzunguka, kila moja ikipungua mwendo na kuongeza mpindo, na zile za chini kabisa zinazosogea huwa zinarudi nyuma, kinyume na mkono uliozisukuma.

Jumlisha mwendo wa khanga zote na utapata matokeo ambayo bado yanachekesha hata baada ya miaka zaidi ya mia: rundo zima, kwa wastani, limesogea digrii 90 kulia kwa kiganja. Hakuna hata robo ya hatua iliyokwenda mbele. (Hesabu za Ekman zinadai tabaka la juu kabisa lipinde digrii 45. Baharini penyewe mara nyingi hupimwa pungufu ya hapo, kwa kuwa mawimbi na tofauti za joto huvuruga mambo. Zile 90 za rundo zima ndizo zinazosimama imara.)

Rudi Ureno. Nortada inavuma kuelekea kusini. Mtu aliyeelekea kusini, kulia kwake ni magharibi, na magharibi ni bahari kuu. Kwa hiyo tabaka la maji lenye unene wa mita makumi kadhaa linaondoka pwani kwenda Atlantiki. Pwani haiwezi kutoa maji mengine kujaza pengo, kwani ni nchi kavu. Nafasi iliyobaki ni chini tu, na kutoka chini maji yanapanda, mita chache hadi kumi hivi kwa siku. Hapo ndipo ule ukanda uliogandamana na pwani unapoeleweka. Upepo ukikatika kwa siku kadhaa, maji ya vuguvugu hurudi ufukweni na watu wa Lisbon huoga kwa raha ya muda mfupi.

Kipimo kizuri cha maelezo haya kiko upande wetu wa dunia. Kusi inapovuma kandokando ya Somalia na kusini mwa Oman, pwani iko kushoto kwa upepo na bahari kuu iko kulia, sawasawa na Ureno. Maji ya Somalia ya kaskazini hushuka chini ya nyuzijoto 20, ingawa upepo huo unatoka upande wa ikweta na hauwezi kusingiziwa kuleta baridi. Huko Salalah, Oman, hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo yaliyopoa huleta ukungu na manyunyu ya Khareef, msimu wa kusi wa huko, yanayoigeuza milima ya Dhofar kuwa kijani. Lakini kusi hiyo hiyo ikipita Tanzania na Kenya, kusini mwa ikweta, mpindo ni wa kushoto: maji ya juu yanasukumwa kuelekea pwani na kushuka chini. Mvuvi wa Pemba anapata mawimbi ya kusi bila kupata nitrati yake. Biashara mbaya.

Kwa Mreno biashara ni nzuri. Nitrati ikifika kwenye mwanga, mwani mdogo huchipuka ndani ya siku chache, planktoni wanyama, yaani vijidudu vinavyoelea majini, huula mwani, na sadini hula vyote viwili. Kwa kuwa upepo huchachamaa alasiri, mashua ndogo hutoka mapema na kurudi kabla bahari haijachafuka, na zile zinazotumia wavu wa kuzungushia huvizia usiku na alfajiri, makundi ya sadini yanapopanda juu. Kule Nazaré upepo huohuo, pamoja na jua, hukausha samaki waliotandazwa kwenye chanja mchangani.

Ila si kweli kwamba nortada ikizidi sadini nao watazidi. Mwaka 1989 watafiti Philippe Cury na Claude Roy walionyesha kwamba samaki wa aina hii huzaliana vizuri zaidi pale upepo una kasi ya wastani, mita tano au sita kwa sekunde. Ukipungua, chakula hakipandi. Ukizidi, maji yanachafuka na vifaranga wanasombwa hadi bahari kuu. Sadini wa Ureno hutaga zaidi majira ya baridi, kwa hiyo upepo wa kaskazini ukivuma kwa nguvu majira hayo, huwa hasara kwao. Katika miaka ya 2010 idadi yao ilianguka kiasi kwamba ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari, lilifikia kushauri wasivuliwe kabisa. Idadi imepanda tangu hapo, lakini kugawa lawama kati ya upepo, joto na nyavu ni kazi ambayo watafiti bado wanavutana nayo. Vivyo hivyo kwa hoja ya mtafiti Andrew Bakun ya mwaka 1990, kwamba dunia inavyopata joto pepo za namna hii zitapata nguvu: vipimo vya pwani ya Ureno na Galicia hutoa majibu yanayopingana, kutegemea miaka na takwimu zilizochaguliwa.

Kilicho wazi ni mafuta. Baada ya kutaga, sadini wa masika huwa mkavu, mafuta yake yakiwa asilimia chache tu ya mwili. Kufikia Septemba yanaweza kupita asilimia 15. Hii ina maana kwamba usiku wa Mtakatifu Anthony, Juni 12, Lisbon inapofuka moshi wa majiko ya kuchomea sadini mitaani, nortada ndiyo kwanza imeanza kazi na sadini yuko nusu ya safari ya kunona. Mahitaji ya sikukuu ni makubwa hivi kwamba baadhi ya sadini wanaochomwa usiku huo hutoka kwenye friza, wakiwa wamevuliwa mwaka uliotangulia. Mwenye kungoja hadi Septemba hupata samaki mnono zaidi, ila hapo mapambo ya mitaani yameshashushwa.