Pesa ya matangazo ya Google inakoenda: mnada, ubora na utafutaji usioutaka

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye biashara ni hili: nilipe kiasi gani ili niwe wa kwanza Google? Huwajibu kwamba bei ya kuwa wa kwanza haipo. Nafasi ile ya juu haina mpangaji. Inapigwa mnada upya kila mtu anapoandika kitu na kubonyeza kitufe cha kutafuta, na mnada wenyewe unakwisha kabla ukurasa wa matokeo haujafunguka. Aliyeshinda saa mbili kamili anaweza asionekane kabisa saa mbili na dakika moja, kwa neno lilelile.

Anayedhani ananunua nafasi ndiye anayepoteza pesa haraka. Kinachouzwa pale ni utafutaji: kuna mtu ameandika jambo analolihitaji sasa hivi, na wewe unalipa ili umfikie akiwa bado na haja nalo. Ukishaliona hivyo, kazi kubwa inakuwa kuamua ni utafutaji upi uulipie na upi uwaachie wengine.

Kunadi maneno hakukuanzia Google. Mwaka 1998 Mmarekani Bill Gross alilileta wazo hilo kupitia tovuti ya GoTo.com: mwenye dau kubwa anakaa juu, anayemfuata anakaa chini yake, na kila mmoja analipa pale tu tangazo lake linapobofywa. Kampuni hiyo baadaye ikajiita Overture, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Yahoo. Kasoro ya mnada wake ni kwamba ulilipa dau lako lote. Basi washindani wawili walipandishiana senti moja moja, wengine kwa kutumia programu za kompyuta, hadi mmoja aone haimlipi ateremke chini kabisa. Mwenzake akigundua kwamba analipa kuliko inavyohitajika, naye anateremka, na mbio zinaanza tena.

Google walizindua AdWords, huduma yao ya matangazo, Oktoba 2000, wakitoza kwa idadi ya mara tangazo lilivyoonyeshwa. (Jina la Google Ads lilikuja 2018.) Mwaka 2002 wakahamia kwenye mnada wa mibofyo, na humo wakaweka kanuni mbili ambazo ndizo uti wa mgongo wa biashara hii. Ya kwanza: hulipi dau lako lote, unalipa kinachotosha tu kukuweka juu ya anayekufuata. Ya pili: dau peke yake halikupandishi, kwa sababu linazidishwa na ubora wa tangazo. Hakuna huruma hapo. Tangazo lenye dau kubwa lisilobofywa na mtu halimwingizii Google hata senti, kwa hiyo ni afadhali kwao wampe nafasi mwenye dau dogo anayebofywa mara nyingi.

Chukua wauzaji watatu wa cherehani. Wa kwanza ameweka dau la 6, kwa fedha yoyote unayoitumia, lakini tangazo lake halivutii. Ubora wake tuuite 2. Wa pili ana dau la 4 na ubora wa 4. Wa tatu ana dau la 3 na ubora wa 8. Zidisha, unapata 12, 16 na 24. Mwenye dau dogo kuliko wote anakaa juu, mwenye dau kubwa anakaa mwisho. Sasa tazama malipo. Wa tatu anahitaji kuipita 16 tu. Gawanya kwa 8, inakuja 2 na ushee kidogo. Anayemfuata anahitaji kuipita 12. Gawanya kwa 4, inakuja 3. Yaani aliye juu analipa pungufu ya aliye chini yake. Watu niliowaonyesha hesabu hii hurudi kuikagua upya wakidhani nimekosea kuzidisha.

Hesabu halisi ina mambo zaidi: simu au kompyuta, mahali alipo mtafutaji, saa, maneno mengine aliyoyaandika, na kiwango cha chini ambacho tangazo lisipokifikia halionyeshwi hata kama hakuna mshindani. Na mnadi mwenyewe si malaika. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, Jaji Amit Mehta aliamua Agosti 2024 kwamba kampuni hiyo imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na kwamba iliweza kupandisha bei za matangazo ya maandishi kwa kuurekebisha mnada bila hofu ya watangazaji kuhama. Kwa hiyo bei ya mbofyo ikipanda na wewe hujagusa kitu, usikimbilie kumlaumu mshindani mpya.

Ubora wanaupima kwa mambo matatu: uwezekano wa tangazo kubofywa, tangazo kuendana na kilichotafutwa, na hali ya ukurasa anaofikia mtu akishabofya. Kwenye akaunti yako utaona alama kati ya 1 na 10. Usiiabudu. Ni muhtasari wa kukuonyesha palipo na tatizo. Kwenye mnada wenyewe kila kitu kinakadiriwa upya papo hapo. Kinachoziangusha akaunti nyingi ni kile cha tatu. Mtu ametafuta cherehani ya umeme ya kushonea ngozi, amebofya, halafu anapelekwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti wenye historia ya kampuni na salamu za mkurugenzi. Anarudi alikotoka, na wewe umeshalipa.

Kuandika tangazo lenyewe siku hizi si kazi ndefu. Unatoa vichwa visivyozidi 15, kila kimoja herufi 30, na maelezo manne ya herufi 90, kisha mfumo unavichanganya. Weka bei au sharti la wazi kama unalo. Tangazo linalomwambia mapema asiyekuwa mteja wako kwamba hapa si kwake limekuokolea mbofyo.

Sasa tufike kwenye maneno, maana pesa nyingi hupotelea hapa. Neno unaloliweka kwenye akaunti si lile analoliandika mtafutaji. Wewe unaweka neno, Google wanaamua ni utafutaji gani unaofanana nalo, na upana wa uamuzi huo unategemea ulinganifu uliouchagua. Ulinganifu mpana, ambao ndio unaoupata usipoweka alama yoyote, unashika kila kinachohusiana kwa namna fulani. Wa kirai, unaowekwa ndani ya alama za kunukuu, unataka maana ya kirai chako iwemo katika utafutaji. Ulinganifu kamili, ndani ya mabano ya mraba, ndio mwembamba zaidi, ingawa tangu 2018 nao unakubali maneno mengine yenye maana ileile. Kwa hiyo hata kilichoitwa kamili kina mlango wa nyuma.

Muuzaji wetu akiweka neno cherehani kwa ulinganifu mpana, atalipia nini? Atampata anayetaka kununua, ndiyo. Lakini atampata pia anayeuliza jinsi ya kutia uzi, anayetafuta picha za kazi ya shule, fundi anayetafuta ajira, mtu mwenye suruali anayetafuta fundi wa kuipunguza, na mwingine anayetaka cherehani ya mkopo au ya bure. Wote wanabofya kwa nia njema. Hakuna ulaghai hapo, na vichujio vya Google vya mibofyo batili haviwezi kukusaidia, kwa kuwa hawa ni watu halali kabisa. Ila hawakuja kununua.

Dawa yake ni maneno ya kuzuia: orodha ya maneno ambayo yakiwemo kwenye utafutaji tangazo lako lisitokee. Hapa mfumo una upendeleo wa ajabu. Maneno unayoyanunua hupanuliwa kwa visawe na maana za jirani, lakini unayoyazuia huchukuliwa karibu kama yalivyo. Ukizuia "kazi" hujazuia "ajira". Ukizuia "picha" hujazuia "mchoro". Inabidi uandike kila umbo kwa mkono, na utayajua maumbo hayo kwa kusoma ripoti ya maneno ya utafutaji, ile inayoonyesha watu waliandika nini hasa kabla ya kubofya. Kwenye akaunti mpya mimi huisoma kabla ya takwimu nyingine yoyote. Nayo haionyeshi kila kitu: tangu Septemba 2020 Google wanaficha utafutaji uliofanywa na watu wachache, kwa hiyo sehemu ya bajeti yako inakwenda kwenye maneno ambayo hutayaona kamwe. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuanza na ulinganifu mwembamba na kupanua taratibu, hata kama ushauri unaotokea ndani ya akaunti unasema kinyume.

Kuhusu ushauri huo, mwamba ngoma huvutia kwake. Ukifungua kampeni mpya ya utafutaji utakuta imeshawashwa kuonekana kwenye tovuti washirika, na mara nyingi kwenye mtandao wa matangazo ya picha pia, ambako hakuna anayetafuta chochote. Mpangilio wa mahali nao unajumuisha watu walioonyesha kupendezwa na eneo lako hata kama wako mbali nalo. Kwa biashara ya utalii huo ni mpangilio mzuri. Kwa fundi wa mabomba ni hasara tupu. Bajeti ya siku nayo si ukuta: siku moja wanaweza kutumia hadi mara mbili yake, ila kwa mwezi hawatapita bajeti hiyo mara 30.4. Jambo hili huwatisha wengi wanapoona matumizi ya siku yamezidi, nao huzima kampeni iliyokuwa ikienda vizuri.

Dau la juu kabisa linatoka kwenye hesabu zako mwenyewe, wala si kwenye makadirio ya Google. Kama katika mibofyo 50 unapata mnunuzi mmoja, na mauzo hayo yanakuachia faida ya 100 kabla ya gharama ya tangazo, basi mbofyo unaogharimu 2 unakurudisha sifuri. Ukitaka kubaki na kitu, kaa chini ya hapo. Anayelipa 5 kwa neno lilelile ama ana faida kubwa kuliko yako, ama wateja wake hurudi kununua tena, ama hajapiga hesabu. Usimfuate kabla hujajua ni yupi kati ya hao.

Siku hizi wengi wameukabidhi mfumo upange dau wenyewe kwa kila mnada, na kwa akaunti yenye mauzo ya kutosha unafanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu. Sharti ni uuambie ukweli kuhusu nini ni mafanikio. Ukisajili kufungua ukurasa wa mawasiliano kama mauzo, utaletewa mafundi wa kufungua ukurasa wa mawasiliano.

Limebaki jambo ambalo ripoti haiwezi kukuambia: ni wangapi kati ya waliobofya wangekuja hata bila tangazo. Mwaka 2012 eBay, soko la mtandaoni la Marekani, walizima matangazo ya jina lao wenyewe kwenye Yahoo na kwenye injini ya utafutaji ya Microsoft. Watafiti Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, katika makala iliyochapishwa 2015, walikuta kwamba asilimia 99.5 ya mibofyo ile ilihamia kwenye matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Walipozima na matangazo mengine kwenye Google katika baadhi ya maeneo ya Marekani, waliona tangazo likiwasaidia wateja wapya na wale wanaonunua kwa nadra, huku sehemu kubwa ya pesa ikiwa inatumika kwa wateja wa kila siku ambao tangazo halikuwabadilisha chochote. Kwenye ripoti ya kampeni wateja hao hao ndio huonekana watamu kuliko wote.

eBay ni jina kubwa, na biashara ndogo haiwezi kuyachukua majibu yake jinsi yalivyo. Lakini jaribio lenyewe inaliweza. Zima tangazo la jina lako katika eneo moja, liache katika eneo lingine linalofanana nalo, kisha linganisha mauzo yote badala ya mibofyo. Kabla ya kuzima, tafuta jina lako uone kama kuna mshindani anayelinunua. Ulaya jambo hilo lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2010 iliamua kwamba Google haivunji haki ya alama ya biashara kwa kumruhusu mtu achague jina la mwenzake kama neno la tangazo, ingawa mwenye tangazo anaweza kuwajibika akimwacha msomaji bila kujua bidhaa ni ya nani. Ukimkuta mshindani pale, endelea kulilipia jina lako, kwa dau dogo. Ubora wako kwa jina lako mwenyewe kwa kawaida uko juu kuliko wake, na mnada utakutoza kwa hesabu ileile ya wauzaji wa cherehani.