Mkurugenzi wa Jina Tu Hayupo Kisheria

Kampuni nyingi za mbao Mafinga, za mchele Mbarali na za parachichi Rungwe na Njombe huanza kama biashara ya familia. Siku ya kusajili BRELA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili wa biashara na leseni, mwenye mtaji huandika jina lake, kisha la mkewe au mdogo wake, kwa kuwa kampuni yenye wanahisa zaidi ya mmoja hutakiwa kuwa na wakurugenzi wasiopungua wawili. Baada ya hapo vikao vya bodi ya wakurugenzi havifanyiki.

Wengi hudhani aliyesaini ili kutimiza idadi hana lawama mambo yakiharibika. Si kweli. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inamtaka kila mkurugenzi atende kwa nia njema, kwa manufaa ya kampuni na kwa uangalifu, pia azingatie maslahi ya wafanyakazi. Utii wake ni kwa kampuni, hata kama aliyemteua ni baba yake mzazi.

Chukua kampuni ya kupasua mbao ambayo mkurugenzi wake mmoja ana shamba la miti. Kampuni ikitaka kununua magogo yake, lazima aieleze bodi maslahi aliyonayo. Wenzake nao waulize bei ya sokoni bila kumwonea haya. Hapa ndipo bodi za kindugu hukwama: nani atamhoji kaka mkubwa? Ndiyo maana nawasihi wenye kampuni waingize angalau mtu mmoja wa nje, awe mhasibu, mwanasheria au bwana misitu mstaafu, asiyekula kwa hisani ya familia.

Bodi haiendeshi mashine wala haipangi zamu za vibarua. Hiyo ni kazi ya meneja. Yenyewe humteua mtendaji mkuu, hupitisha bajeti, husoma hesabu na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Wanahisa wasiporidhika, wanaweza kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, yaani linalopita kwa zaidi ya nusu ya kura, katika mkutano mkuu, ilimradi taratibu za notisi zifuatwe na yeye apewe nafasi ya kujieleza.

Kila kikao kiwe na muhtasari uliosainiwa na mwenyekiti, nao utunzwe na katibu wa kampuni. Kampuni ikiomba mkopo, benki huhitaji azimio la bodi, na azimio hilo haliwezi kutoka kwenye kikao ambacho hakikufanyika.